Mwache Akadeke kwa Bibi

Mtoto akirudi kutoka kwa bibi huwa hashikiki. Anataka chai kila saa, hataki kulala mapema, na ukimkataza jambo jibu liko tayari: "Mbona bibi huniruhusu?" Usumbufu huo vumilia tu. Huko alikokuwa amepata mtu mzima asiye na haraka naye, na mtu wa namna hiyo hapatikani kirahisi nyumbani kwetu, ambako kila mtu anawahi daladala. Ukitaka faida hiyo imkae mtoto, jaribu haya.

1. Aende kukaa, asiende kusalimia tu.
Safari za Desemba tunazijua: mnafika mkesha wa Krismasi, mnachinja, mnapiga picha, kesho kutwa mko stendi. Hapo mtoto amemwona bibi, hajamjua. Ikiwezekana mwache likizo nzima, na ninyi wazazi mwondoke, maana mkiwepo kila swali litaletwa kwenu. Mwanzoni atadai simu na kulalamikia choo cha nje. Baada ya siku chache mkipiga mtaambiwa yuko bandani, anahesabu vifaranga.

2. Wapeni kazi ya pamoja.
Hiki ndicho kidokezo ninachokiamini kuliko vyote. Wazee wengi ukiwakalisha na mtoto waongee, maneno huwaishia. Mikono ikiwa na kazi, ulimi unafunguka wenyewe. Mtazame bibi wa pwani anayesuka ukili. Miyaa imeshalainika, mjukuu kazi yake ni kumpa mmoja mmoja. Akitoa usiofaa, bibi hagombi. Anaurudisha kwenye fungu lake na kunyoosha tena mkono. Ukili unarefuka na kuzungushwa, na katikati hapo kimepita kisa cha harusi ya shangazi, cha mwaka wa njaa, na cha deni ambalo babu hajalilipa mpaka leo. Kama bibi yenu hasuki, wachague mchele au wapukuchue mahindi.

Wala faida ya bibi mwenye kazi mkononi haiishii kwenye maneno. Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliofanya utafiti kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi tangu miaka ya 1980, waliwakuta vikongwe wakichimba mizizi ya kula kwa muda mrefu kuliko mabinti zao. Mama akiwa na kichanga, afya ya mtoto aliyeachishwa ziwa ilifuata juhudi ya bibi: bibi akichimba sana, mtoto anaongezeka uzito. Kutokana na hayo watafiti hao wakaja na hoja kwamba huenda wanawake huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu wajukuu wamekuwa wakiwahitaji.

3. Utani wao msiuingilie.
Babu akimwita mjukuu "mke wangu", naye akajibu kwamba haolewi na kizee kisicho na meno, usikimbilie kumfinya. Kwa makabila yetu mengi baba na mama ni wa kuheshimiwa, babu na bibi ni wa kutaniwa. Mtoto anajifunza hapo kurudisha neno bila kuumiza. Ila akionyesha kwamba hapendi, utani uishie hapo hapo, awe babu au awe nani.

4. Miiko ya wazee usiicheke mbele ya mtoto.
Mwanamazingira Wangari Maathai alipokuwa msichana mdogo huko Nyeri, Kenya, mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alipokwisha kusoma ndipo akaelewa kwamba mizizi ya miti hiyo hushika udongo na kusaidia chemchemi. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani la kupanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Si kila mwiko una hekima ndani yake. Mingine ni woga wa zamani tu. Lakini mwache mtoto aubebe mwiko kwanza, ataupima mwenyewe akikua.

5. Mkiwa mbali, tumieni sauti.
Mwambie bibi arekodi hadithi kwenye WhatsApp, asiogope kukohoa katikati. Naye mtoto ajibu "Pakawa!" kwa sauti yake mwenyewe na kutuma. Kama bibi anasema Kihaya au Kinyakyusa, usiwe mwepesi wa kumtafsiria.

6. Pipi? Nyamaza.
Dawa na vyakula vinavyomdhuru, hapo usikubali mjadala. Mengine yote pita kama hujaona.

7. Bibi si yaya wa bure.
Uliza kwanza kama anaweza. Magoti yake unayajua. Tuma pesa ya matumizi kabla hajaomba, kwa sababu hataomba. Na wajukuu watatu watundu kwa mpigo ni adhabu, hata kama anasema anawapenda wote.

8. Uzee peke yake hauleti upendo.
Wako wazee wakali, wenye maneno ya kukata, na mtoto halazimiki kuwazoea kwa sababu ya damu tu. Mtafutie shangazi mkubwa, mjomba mstaafu, au mama wa nyumba ya tatu ambaye wanawe wako mbali. Anza kwa kumtuma apeleke sahani ya ubwabwa, na akichelewa kurudi usimwite.