Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Tiba na Nafasi ya Mwananchi

Mwaka 1912 msichana wa miaka miwili alifariki dunia katika hospitali ya Charité mjini Berlin. Alikuwa ameugua surua, na ugonjwa ukashuka mapafuni. Pafu lake lilihifadhiwa ndani ya formalini, kumbukumbu za umri wake, ugonjwa wake na tarehe ya kifo zikaandikwa, kisha likawekwa pamoja na vielelezo vingine vingi. Lilikaa humo zaidi ya miaka 100. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba walikuwa wamefaulu kusoma vinasaba vya kirusi cha surua kutoka katika kipande cha pafu hilo, ilhali kirusi cha zamani zaidi kilichokuwa kimesomwa hadi wakati huo kilikuwa cha mwaka 1954. Kwa kulinganisha vinasaba hivyo na vya virusi vya baadaye, walikadiria kwamba surua huenda ilitengana na kirusi cha sotoka mapema kama karne ya 6 kabla ya Kristo. Sotoka hiyo ndiyo iliyoteketeza mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaachia wafugaji njaa.

Kazi hiyo ilitegemea formalini, lakini ilitegemea vilevile maandishi. Pasipo tarehe, pafu lile lingekuwa la mtoto asiyejulikana, na hesabu ya miaka isingewezekana. Mtu anayetaka kushiriki katika shughuli za makumbusho ya chuo kikuu cha tiba hana budi kulielewa jambo hili kwanza, kwa kuwa msaada mkubwa anaoweza kuutoa, hata asipokuwa daktari, ni habari za kitu: kilitoka wapi, kilikuwa cha nani, kilifikaje hapo kilipo.

Makumbusho yenye pafu hilo yalianzishwa na Rudolf Virchow, mtaalamu wa patholojia, na kufunguliwa mwaka 1899. Alikusanya vielelezo zaidi ya 20,000, akitaka wanafunzi na watu wa kawaida waone kwa macho yao jinsi ugonjwa unavyokibadilisha kiungo. Vita Kuu ya Pili viliharibu sehemu kubwa ya mkusanyiko huo. Vilivyonusurika ni kiasi cha 1,800. Leo wananchi huingia na kutazama mawe ya figo, mioyo iliyotanuka na mapafu yaliyoliwa na kifua kikuu. Kutembelea ndiyo njia rahisi ya kushiriki na haihitaji maelezo marefu, ila adabu moja: mgeni aulize kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa, kwani kilicho mbele yake ni sehemu ya mwili wa mtu.

Wapo wanaotaka kufanya zaidi ya kutazama. Katika Makumbusho ya Hunterian ya Chuo Kikuu cha Glasgow, yaliyofunguliwa mwaka 1807 kutokana na wosia wa daktari William Hunter, wanafunzi wa kujitolea huwaongoza wageni na kuwaeleza vitu vilivyomo. Kazi nyingine za kujitolea hufanyika nyuma ya milango: kunakili kadi za zamani, kupiga picha za vifaa, kusoma mwandiko wa madaktari waliokwisha kufa. Kazi hii ya mwisho huwashinda vijana wengi, na mzee aliyezoea mwandiko wa mkono huwa na thamani kuliko anavyodhani.

Njia ya tatu ni kutoa vitu, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Muuguzi hustaafu akiwa na sanduku lenye bomba za sindano za kioo, koleo za mkunga, mizani ya watoto na picha za wodi. Akifariki, warithi huona takataka. Wenye nia njema hulisafisha sanduku, hung'arisha chuma, hutupa karatasi zilizochakaa, kisha hupeleka vifaa vikimetameta. Kwa kufanya hivyo wamefuta nusu ya habari. Karatasi ile iliyotupwa pengine ilikuwa hati ya kupokelea vifaa, yenye jina la zahanati na mwaka. Inafaa vitu viachwe kama vilivyo, na mwenye kuvitoa aandike ukurasa mmoja tu: nani alivitumia, wapi, kati ya miaka gani, na kwa kazi ipi. Kama muuguzi mwenyewe yu hai, aulizwe leo, na sauti yake irekodiwe.

Tahadhari mbili zinahitajika. Vipimajoto na mashine za kupimia shinikizo la damu za zamani vina zebaki, na chupa za dawa za kale zaweza kuwa na sumu; wahusika waarifiwe kabla kitu hakijasafirishwa. Daftari la wagonjwa nalo si mali ya aliyelitunza. Majina yaliyomo ni siri ya wagonjwa na familia zao, hivyo lisikabidhiwe bila idhini ya hospitali lilikotoka. Mtoaji adai pia hati inayosema wazi kama ametoa zawadi au ameazima, na asikasirike akikataliwa. Makumbusho yanayopokea kila kitu mwishowe hushindwa kutunza chochote.

Kuhusu mwili wenyewe, watu huchanganya mambo mawili. Anayeusia mwili wake kwa chuo kikuu kwa kawaida huutoa kwa idara ya anatomia ili wanafunzi wajifunze, si ili uwekwe katika maonyesho. Ridhaa hiyo hutolewa kwa maandishi mtu akiwa hai na mwenye akili timamu, na ndugu waambiwe mapema, maana msiba hauna nafasi ya mabishano.

Lakini upo ushiriki ambao haukuanza kwa hiari. Wakati wa ukoloni wa Kijerumani, mafuvu ya watu yalichukuliwa kutoka Afrika Mashariki na kupelekwa Berlin, ambako Felix von Luschan aliyakusanya kwa ajili ya elimu ya siku zile iliyotaka kuwapanga wanadamu kwa vipimo vya vichwa. Mkusanyiko wake baadaye ulikuwa mikononi mwa Charité, hadi mwaka 2011 ulipokabidhiwa kwa taasisi ya makumbusho ya serikali mjini humo. Utafiti ulioanza mwaka 2017 ulichunguza zaidi ya mafuvu 1,100 ya eneo hili: 904 yalihusishwa na nchi ambayo leo ni Rwanda, 202 na Tanzania, 22 na Kenya. Hayakuwa na ridhaa, na mengi hayakuwa na jina.

Uchagani familia hazikuwa zimesahau. Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na simulizi za wazee zilisema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Vizazi vyao vilitoa sampuli za mate, nazo zikalinganishwa na vinasaba vya mafuvu manane. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matatu kati yake yalikuwa na ndugu walio hai. Moja lilikuwa na neno "Akida" limeandikwa juu yake, nalo lilihusishwa na mshauri wa Mangi Meli. Fuvu la Mangi mwenyewe halikuwa miongoni mwa hayo matatu.

Maabara pekee haingeweza kufika hapo. Vinasaba huhitaji mtu wa kulinganishwa naye, na mtu huyo hupatikana kwa nasaba inayosimuliwa nyumbani. Familia inayodhani kwamba mabaki ya ndugu yao yamo katika chuo kikuu cha mbali yaweza kuanza kwa barua. Iandike jina la marehemu na la ukoo, kijiji kwa jina la zamani na la sasa, mwaka au tukio lililokuwa karibu na kifo, na simulizi kama wazee wanavyoieleza, hata zikipingana. Ieleze nani amepewa na ukoo mamlaka ya kusema. Nakala ipelekwe kwa taasisi ya serikali inayosimamia mambo ya kale. Na ikiombwa sampuli, ukoo uulize kwanza, na ujibiwe kwa maandishi, sampuli itatumika kwa kazi gani, itahifadhiwa wapi, na itateketezwa lini.