Kabla ya Kupanda Mtumbwi

Safari hii tuzungumze na familia zetu za Ziwa Victoria. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gatini Ukara, na watu zaidi ya 220 walikufa. Hivyo tusidanganyane kwamba safari fupi haina hatari.

Kila msafiri avae jaketi la kuokolea maisha akiwa bado nchi kavu. Jaketi lililokaliwa kama mto (na akina baba wengi tumewaona!) halimfai mtu aliyekwisha anguka majini. La mtoto liwe la kimo chake. Mfunge vizuri, kisha inua jaketi kwa kulishika mabegani: likimpanda hadi masikioni ni kubwa mno, atachomoka. Mtoto mchanga asifungwe mgongoni kwa kanga, maana mama akianguka hataweza kumfikia upesi.

Chukueni kopo la kukumbia maji, filimbi, na simu ndani ya mfuko usiopenya maji. Jirani ajue saa yenu ya kurudi. Mtumbwi ukijazwa kupita kiasi, shukeni, hata kama nauli imelipwa. Ukipinduka, ushikilieni maadamu unaelea. Ufuko huonekana karibu kuliko ulivyo.