Pamba Nyumba kwa Pesa Chache Bila Kujitafutia Maradhi

Kijana anapopata kazi mjini Malindi au Kilifi na kukodi chumba chake mwenyewe kule Maweni au Mnarani, jambo la kwanza linalomjia akilini ni seti ya makochi. Kitanda baadaye. Mgeni akiingia ataona nini? Basi mshahara wa miezi kadhaa humwishia fundi seremala, au dukani kwa mkopo, na mwenyewe hulala juu ya kigodoro chembamba kilichotandikwa sakafuni. Kama ana watoto, nao hulala kando yake mkekani. Katika makala ya juma hili tutaeleza kwa nini mpango huo wafaa kupinduliwa, na jinsi ya kuipamba nyumba ya mwambao kwa pesa kidogo pasipo kuwakaribisha ndani malaria, pumu, maumivu ya mgongo na kunguni.

Anza na mahali pa kulala

Binadamu hulala takriban thuluthi moja ya maisha yake. Ukiwa na shilingi elfu 30 za kuanzia maisha, nusu yake iende kwa kitanda, godoro na chandarua. Makochi yataweza kungoja. Jamvi safi na mito ya kuegemea imewatosha wageni wa pwani hii tangu enzi za mababu, na sijasikia mgeni aliyekataa kahawa kwa kuwa hakupewa kochi.

Huenda msomaji akasema kuwa chandarua si fanicha. Katika nyumba ya Kilifi, chandarua ndicho fanicha ya kwanza. Kati ya 1993 na 1995, watafiti wa taasisi ya KEMRI, ambao kituo chao kiko Kilifi tangu 1989, walilinganisha vijiji vilivyopewa vyandarua vilivyotiwa dawa na vijiji ambavyo havikupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 1996: mahali penye vyandarua, vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Utafiti huo, pamoja na mingine iliyofanywa katika nchi nyingine za Afrika, ndio uliozishawishi serikali kugawa vyandarua. Hapa Kenya mamilioni yaligawiwa bila malipo mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna kabati wala zulia linaloweza kumpa mzazi faida kama hiyo.

Lakini chandarua hakifanyi kazi kikiwa kimekunjwa juu ya kabati, na mara nyingi kosa ni la kitanda. Vitanda vingi vya siku hizi havina nguzo. Mwenye nyumba hukataza misumari ukutani, dari iko juu, na chandarua hukosa pa kufungwa. Wazee walilijua jambo hili. Samadari za zamani zilikuwa na nguzo nne, na chandarua kilining'inia pande zote bila kumgusa aliyelala. Mwambie fundi aongeze nguzo nne nyembamba za mvinje kwenye kitanda chako, na vipande vya kuziunganisha huko juu. Gharama yake ni ndogo. Watoto wakilala mkekani, kamba nne zifungwe kwenye boriti, na pindo za chandarua zikandamizwe chini ya mkeka, si kuachwa zikipeperuka. Tena usisahau kwamba mtu anayelala huku mkono umegusa chandarua kilichoisha dawa huumwa kupitia matundu yake.

Wengi hukiacha chandarua kwa ajili ya joto, na kweli joto la Malindi mwezi Machi si la mzaha. Dawa yake ni kukipanga chumba upya. Upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba hivi hadi Machi. Kusi hutoka kusini-mashariki, tangu Aprili hadi Septemba. Kiweke kitanda mahali ambapo upepo unaingia kwa dirisha na kutokea mlangoni au dirisha la pili. Kabati kubwa lisizibe dirisha. Hilo ni kosa ninaloliona nyumba baada ya nyumba: kabati limewekwa dirishani kwa sababu ndipo lilipoenea, kisha familia nzima yalalamika haipati hewa. Na nguo zilizotundikwa ukutani kwa misumari ziondolewe, kwa kuwa mbu hupenda kupumzika mchana mahali penye giza na kivuli, ndani ya kanzu na nyuma ya mapazia mazito.

Godoro lisikudanganye kwa unene. Dukani, likandamize kwa goti mpaka chini kisha uliachie. Likirudi pole pole, au ukihisi mbao kwa goti, liache hata kama limefunikwa kwa kitambaa cha maua. Jembamba la haidensiti hushinda nene laini. Mwenye kitanda cha kamba naye akaze kamba mara tu kinapoanza kulegea katikati kama machela, maana uti wa mgongo ukilala umepinda usiku kucha, asubuhi utakudai. Godoro la sufi ni zuri na la asili yetu, ila hunywa unyevu wa hewa. Lipelekwe juani kila juma, hasa masika.

Mtoto mchanga ana sheria zake. Alazwe chali, juu ya godoro gumu lililojaa kitanda bila mwanya pembeni, pasiwe na mto, wala blanketi zito, wala midoli ya manyoya karibu na uso wake. Ukimtengenezea kitanda cha vijiti, pengo kati ya kijiti na kijiti lisizidi sentimita 6, asije akapenyeza mwili kichwa kikakwama.

Mbao gani?

Chipibodi inauzwa rahisi na inang'aa dukani, lakini hewa yetu ina chumvi na maji. Ikiguswa na maji ya kupigia deki huvimba kama mkate uliotiwa chai, na skurubu hazishiki tena. Kitanda cha chuma nacho hushikwa na kutu upesi kisipopakwa rangi mara kwa mara.

Mbao ya kutafuta ni mwarobaini. Mti huu watu wengi wanaujua kwa uchungu wa majani yake tu, lakini mbao yake ni ngumu, yenye rangi ya kupendeza, na wadudu hawaipendi. Umeota kwa wingi sana pwani hii hata jina lake jingine ni mkilifi. Wachonga vinyago walishauriwa kuanza kuutumia badala ya muhugu, ambao ulikuwa ukikatwa ovyo katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Ila hakikisha mbao imekauka barabara kabla haijapigwa randa. Mbao mbichi hupasuka na kupinda, na ndipo fundi na mteja wanapogombana. Mnazi mzee uliokoma kuzaa pia hutoa mbao imara, mradi ni ile ya ubavuni. Ya moyoni ni laini na huoza.

Hapa pana onyo. Baadhi ya watu hupaka mbao mafuta machafu ya gari ili kuzuia mchwa. Kwenye nguzo za uani ni shauri lako. Kwenye kitanda au kiti cha mtoto, kamwe. Mafuta hayo yana madini na kemikali zenye sumu zinazoingia mwilini kwa kugusa ngozi, na mtoto hulamba kila kitu. Miguu ya kitanda iinuliwe kutoka sakafuni kwa matofali, na kitanda kisiguse ukuta. Mchwa utauona njia yake mapema.

Vitu vya mkono wa pili

Mgeni wa Kizungu akihama, au hoteli ikibadilisha samani zake, vitu vizuri huuzwa kwa bei ya kutupa. Nunua, lakini nunua mchana. Pindua kochi, ukague mishono ya kitambaa na maungio ya mbao kwa tochi. Vijidoa vyeusi kama vya kalamu, maganda meupe au harufu nzito tamu ni dalili za kunguni. Meza na viti vitupu vya mbao huoshwa na kuanikwa vikawa salama. Kochi la sponji lenye kunguni ni hasara hata ukipewa bure. Mapazia na mashuka ya mtumba yafuliwe kwa maji yanayochemka kabla hayajaingia chumbani. Kumwagia godoro mafuta ya taa, kama wafanyavyo wengine, ni kulala juu ya moto.

Zulia zito la manyoya halifai sana hapa. Wadudu wadogo wa vumbi, ambao jicho haliwaoni, hustawi penye joto na unyevu, na kinyesi chao huamsha pumu. Mtoto anayekohoa usiku na kupumua kwa mluzi, mwondolee zulia kwanza uone. Mkeka wa ukindu hukung'utwa nje kila asubuhi, hufutwa, na kwa macho yangu ni mzuri kuliko zulia lolote la plastiki.

Ukuta

Ukuta wa mawe ya matumbawe au wa udongo hupumua. Ukiupaka rangi ya mafuta ili ung'ae, unyevu hunaswa ndani, rangi huvimba malengelenge, na ukungu mweusi huota pembeni. Chokaa ni rahisi, hung'arisha chumba, na ukungu hauipendi. Ukitaka rangi ya dukani kwa mlango au kitanda cha mtoto, soma mkebe. Shirika la Afya Duniani linashauri risasi ndani ya rangi isizidi sehemu 90 katika milioni moja, nalo limesema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Rangi ya zamani inayobanduka isipigwe msasa ikiwa kavu huku watoto wamo ndani. Ilowanishwe, ikwanguliwe, na mabaki yakusanywe yote.

Kwa mapambo na mahali pa kuweka vitu, nenda ukatazame nyumba za mawe za Gede. Waliokaa humo zaidi ya miaka 500 iliyopita walijenga vishubaka ndani ya kuta zenyewe, na wajenzi wa Lamu waliendeleza ufundi huo kwa zidaka zao. Rafu tatu za mbao ya mwarobaini zilizopigwa ukutani hufanya kazi hiyo hiyo, hazichukui nafasi ya sakafu, na zile za juu hufaa kwa dawa za hospitali na mafuta ya taa, ambayo yasiwekwe kamwe ndani ya chupa ya soda. Kabati refu likilazimika kuwapo, lifungwe ukutani kwa skurubu mbili huko juu, kwa sababu mtoto wa miaka miwili huzivuta droo na kuzipanda kama ngazi.