SOMO: Mradi wa Umeme Ukija Kwenye Ardhi Yetu

Hapa Taru tuna jua kali na ardhi ya jamii. Mwekezaji wa umeme akija, tutautambuaje mradi mzuri? Kuitwa umeme wa jua au wa upepo hakutoshi. Tuulize hivi:

1. Tumeulizwa? Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 yataka thuluthi mbili ya wanajamii watu wazima wakubali mkutanoni. Sahihi za wazee wachache hazitoshi.

2. Madhara yamepimwa? Malisho, njia za mifugo na silanga zetu zitakuwaje?

3. Mapatano yasemaje? Fidia ni ipi? Nani ataitengeneza ardhi mradi ukiisha?

Tusidhani tunapiga kelele bure. Huko Lamu, mwaka 2019, mahakama maalum ya mazingira ilifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Ya kujadili kikundini: Ardhi yetu imesajiliwa? Isiposajiliwa, kaunti ndiyo huishika kwa niaba yetu. Je, akina mama na vijana wamo daftarini?