Kutoka Joto la Korongo Hadi Theluji ya Mlima: Linda Mwili Wako Unapopanda

Msimu wa likizo unapowadia, wakazi wengi wa Nakuru, hasa vijana, hupanga safari za kupanda milima. Kwa sisi wa Section 58 na mitaa jirani, mazoezi huanzia Menengai, ambao kilele chake kiko mita 2,278. Kutoka hapo watu huenda Longonot wenye mita 2,776 na makorongo ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Wakishapata mazoea, hujiandikisha katika kikundi cha kwenda Mlima Kenya kuikanyaga Lenana, kilele cha mita 4,985.

Jambo hili ni jema. Kutembea mlimani huimarisha moyo, hupunguza sukari mwilini na huondoa mawazo. Lakini mwili unaotoka kwenye vumbi na jua la Bonde la Ufa na kufika penye theluji kwa muda wa siku mbili au tatu hukabiliwa na maadui watatu: joto, baridi na upungufu wa oksijeni. Wiki hii tutamwangalia kila mmoja wao, dalili zake na namna ya kujikinga.

ADUI WA KWANZA: JOTO

Kuta za mawe za korongo hunywa jua tangu asubuhi na kulirudisha mchana. Upepo ni haba, nawe unapanda. Mwili hujipoza kwa kutoa jasho, na jasho huondoka na maji pamoja na chumvi. Dalili za mwanzo ni kukazana kwa misuli ya miguu, kiu, kichwa kuuma, kichefuchefu na mkojo wa rangi nzito. Ukiziona, keti kivulini, legeza nguo na unywe maji kidogo kidogo.

Usinywe maji matupu lita baada ya lita kwa kuogopa kiu, kwani hilo nalo hupunguza chumvi katika damu na laweza kumwangusha mtu. Beba pakiti za chumvi na sukari ziuzwazo katika maduka ya dawa kwa ajili ya kuhara. Ukizikosa, changanya vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi.

Mtu akianza kuropokwa, kuyumbayumba au kuzirai huku mwili ukiwaka moto, huo si uchovu tena. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi na ubongo unaungua. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na mpepee bila kukoma huku mkitafuta usafiri wa kwenda hospitalini. Usimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu.

Kuna hatari nyingine ya korongo ambayo si ya joto. Mnamo Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliwaua watu waliokuwa wakitembea ndani ya korongo la Hell's Gate. Maji ya korongoni huweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali, huku juu yako kukiwa na jua. Basi mawingu yakitanda vilimani, toka. Uliza langoni kabla ya kuingia, na ukiambiwa sehemu imefungwa, usitafute njia ya panya.

ADUI WA PILI: UPUNGUFU WA OKSIJENI

Huyu ndiye mjanja kuliko wote kwa sababu haonekani. Watu husema kwamba mlimani hakuna oksijeni. Ukweli ni kwamba kiwango chake katika hewa ni kile kile, takriban asilimia 21, lakini hewa yenyewe ni nyepesi. Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, kila pumzi hubeba kama asilimia 80 ya oksijeni apatayo mtu wa Mombasa. Penye Lenana kila pumzi hubeba zaidi kidogo ya nusu tu.

Mwili unaweza kuizoea hali hii ukipewa muda. Kwanza utapumua kwa haraka zaidi, figo zitatoa mkojo mwingi ili kusawazisha damu, na baada ya wiki kadhaa chembe nyekundu za damu zitaongezeka. Asiyeupa mwili wake muda hupata ugonjwa wa mwinuko. Aghalabu huanza mtu apitapo mita 2,500, saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika. Dalili zake ni kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, uchovu na usingizi wa mang'amung'amu.

Je, kijana mwenye nguvu yuko salama? La. Mazoezi hukusaidia kutembea bila kuchoka, lakini hayazuii ugonjwa huu. Kwa hakika kijana mwenye nguvu huwa hatarini zaidi kwa vile hukimbia na kufika juu kabla mwili wake haujawa tayari. Wapagazi na waongozaji wanaposema "pole pole" si mzaha wa kuwafurahisha watalii. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza.

PIGA HESABU YA SAFARI YAKO

Kanuni ambayo madaktari hutumia ni hii: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala usiku huu pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Kupanda juu zaidi mchana si kosa, mradi urudi kulala chini.

Sasa tazama safari inayouzwa sana, ya Ijumaa hadi Jumapili, kupitia Sirimon. Lango liko kama mita 2,650. Usiku wa kwanza mtalala Old Moses, kama mita 3,300. Usiku wa pili mtalala Shipton, kama mita 4,200. Hapo mmeruka mita 900 kwa siku moja. Kisha saa tisa usiku mnaamshwa kupanda mita nyingine karibu 800 ili jua likichomoza mwe Lenana. Njia ya Naro Moru haina nafuu, kwani mtu hutoka kituo cha Met, mita 3,050 hivi, hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200 hivi. Wanaopitia Chogoria, kwenye bonde refu la Gorges, nao wapige hesabu kabla ya kulipa.

Ushauri wangu ni kuongeza usiku mmoja au miwili. Najua kwamba kila siku ya ziada ni gharama ya lango, chakula na mwongozaji, na kwamba Jumatatu kuna kazi. Lakini gharama hiyo haifiki hata robo ya ile ya kumshusha mgonjwa mahututi.

LINI NI HATARI KUBWA?

Ugonjwa wa mwinuko una ndugu wawili wanaoua. Wa kwanza hujaza maji mapafuni. Mgonjwa huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, midomo hugeuka buluu na pengine hutoa makohozi yenye povu au damu. Wengi hudhani ni nimonia au mafua ya baridi. Wa pili huvimbisha ubongo. Mgonjwa huchanganyikiwa, hutenda mambo kama mlevi na mwishowe hulala usingizi usioamshika.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Chora mstari mnyoofu ardhini na umwambie atembee juu yake, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akipepesuka, mshushe. Akihema akiwa amepumzika, mshushe. Msingoje kuche, na asishuke peke yake. Ashuke angalau mita 300, na bora hadi mita 1,000 au mpaka apate nafuu. Oksijeni na dawa kama deksamethasoni au nifedipini husaidia zikiwapo, lakini hazichukui nafasi ya kushuka.

Kwa maumivu madogo ya kichwa, pumzika pale ulipo na umeze parasetamoli. Usipande tena mpaka dalili ziishe. Ikiwa zinazidi, teremka.

Tatizo kubwa niliyozoea kuliona si ukosefu wa dawa bali ni aibu. Mtu amelipa pesa zake, ameaga ofisini, hataki kuitwa mzigo wala kuwarudisha wenzake. Hunyamaza na kichwa chake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kikundi kizuri hukubaliana kabla ya kutoka nyumbani kwamba kila jioni kila mtu atasema anavyojisikia, na kwamba mmoja akishuka, atasindikizwa.

Mnamo 1943 wafungwa watatu wa vita kutoka Italia walitoroka kambi yao Nanyuki wakaupanda Mlima Kenya. Mmoja wao, Giovanni Balletto, alikuwa daktari. Mwenzao Barsotti alipougua, hawakumvuta juu kwa lazima; alibaki kambini na wawili wakafika Lenana. Kutomlazimisha kulikuwa busara. Hata hivyo, leo hatumwachi mgonjwa peke yake.

ADUI WA TATU: BARIDI

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5. Mchana wa nyuzi 25 hapa Nakuru ni kama nyuzi 5 kule Lenana, na usiku maji huganda. Barafu ya kudumu, kama ile ya Lewis, imepungua sana katika miaka mia iliyopita, lakini theluji bado huanguka.

Nguo za pamba na suruali za jinzi zikilowa hunyonya joto la mwili. Vaa nguo za sufu au za nyuzi za viwandani, tabaka juu ya tabaka, na koti lisilopitisha mvua. Mitumba mizuri ya namna hii hupatikana sokoni kwa bei ya chini. Usisahau kofia, glavu, soksi kavu za kulalia na miwani ya jua, kwani mwanga unaorudishwa na theluji huunguza macho.

Mtu anayetetemeka, anayejikwaa na kuongea kwa ulimi mzito, joto la mwili wake linashuka chini ya nyuzi 35. Mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mfunike na mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe ni marufuku, kwani hufungua mishipa ya ngozi na kupoteza joto. Akiacha kutetemeka huku bado ni baridi na anasinzia, hali ni mbaya zaidi.

NANI AMWONE DAKTARI KWANZA?

Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, kisukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na mama mjamzito, wasifunge safari bila kupimwa. Mwenye ugonjwa wa selimundu asiende kabisa, kwa kuwa oksijeni ikipungua chembe za damu hujikunja na kuziba mishipa. Hata aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, anaweza kuathirika wengu akiwa juu. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ishara ya kushuka. Ikiwa familia yenu ina asili ya Nyanza, Magharibi au Pwani, na hujawahi kupimwa, fanya hivyo. Ni kipimo cha damu tu.

Ipo pia dawa ya kinga iitwayo asetazolamidi. Mtu mzima humeza miligramu 125 mara mbili kwa siku, akianza siku moja kabla ya kupanda. Huongeza mkojo na kuleta ganzi ya vidole. Haiwafai baadhi ya watu, kama wanaodhuriwa na dawa za jamii ya salfa, kwa hivyo usiombe ya rafiki. Upewe na daktari.

KUMBUKA

1. Panda pole pole. Hesabu mita za mahali pa kulala.
2. Kichwa kikiuma mlimani, dhani ni mwinuko hadi ithibitike vinginevyo.
3. Dalili zikizidi, shuka, hata kama ni usiku.
4. Sema unapougua.

Lenana haihami. Ukirudi mzima leo, utaipanda mwaka ujao. Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema.