Anayeacha Sigara Anauguzwa na Nyumba Nzima

Kijitabu hiki ni cha nyumba yoyote ambayo mmoja wa watu wake anatumia tumbaku. Huenda ni baba, huenda ni kijana aliyefundishwa na wenzake shuleni, au ni bibi mwenye ugoro wake uliofungwa kwenye pindo la kanga. Tumewaandikia pia wote wanaoishi naye, maana mara nyingi tunamwacha apambane peke yake, kisha akishindwa tunamwambia hana msimamo.

Msimamo peke yake hautoshi. Moshi ukishavutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi na kuamsha kemikali ya raha iitwayo dopamini. Raha hiyo haidumu. Baada ya saa moja au mbili mwili unaanza kudai tena, na mwenyewe hatulii mpaka awashe nyingine. Mvutaji husema sigara inamtuliza, na hasemi uongo. Ila inachotuliza ni arosto iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Ukiona mtu anaamka alfajiri na kabla hata hajanawa uso mkono unapapasa chini ya mto kutafuta pakiti, ujue uraibu umekomaa. Uraibu ni maradhi, na yana tiba.

Moshi ndani ya nyumba

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na 70 hivi kati yake husababisha saratani. Imo pia kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Hakuna mzazi anayeweza kumwachia mtoto jiko la mkaa chumbani usiku, lakini wapo wanaovuta kando ya kitanda chake. Watoto wanaoishi na moshi huo huugua zaidi nimonia, pumu na maumivu ya masikio. Mama mjamzito akiuvuta, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni 1 kati yao hawakuwa wavutaji. Kufungua dirisha hakutoshi. Nyumbani pasivutwe kabisa, hata mgeni wa heshima aombwe kwa adabu atoke nje, mbali na mlango.

Siku ya kuanza

Chagueni tarehe ndani ya wiki mbili zijazo. Wengi wamefaulu kuanza na Ramadhani, kwa sababu mwili umekwisha kuonyesha kwamba unaweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila moshi. Hatari iko baada ya futari: tende moja, maji, kisha mtu anaponyoka kwenda kuwasha. Anayefunga na ameamua kuacha, mwekeeni uji mezani na mzungumze naye mpaka wakati wa kwenda msikitini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, toeni pakiti zote, vibiriti vyake na kile kisahani cha majivu. Tafuteni pia kwenye mifuko ya makoti na juu ya kabati. Sigara moja iliyosahauliwa huko ndiyo humrudisha mtu.

Siku tatu ngumu

Arosto hupanda sana siku ya pili na ya tatu. Mtu huwa mkali, usingizi hauji, kichwa kinauma, na hamu ya kula inaongezeka. Anaweza kumfokea mtoto kwa kijiko kilichoanguka. Mke asiseme, "Bora ungeendelea kuvuta." Neno hilo limewarudisha wengi dukani. Mvumilieni kama mnavyomvumilia mwenye homa, kwa kuwa hali hii hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne.

Kiu ya sigara ikimjia, aghalabu hukaa dakika chache tu, kisha hupita. Dakika hizo zinahitaji kazi: anywe maji taratibu, atafune karoti, apige mswaki, au amsindikize mtoto dukani. Tuzungumzie na kahawa. Pale kijiweni, kikombe cha kahawa chungu na sigara vimezoeana, hivyo mwezi wa kwanza ni heri akae mbali. Isitoshe, mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini mwake muda mrefu zaidi. Kahawa aliyoizoea sasa inaweza kumnyima usingizi na kumpa wasiwasi, naye akadhani ni sigara anayoikosa. Apunguze vikombe.

Dawa zipo

Kutumia dawa si aibu. Ipo plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi, na ipo chingamu ya nikotini. Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto: hutafunwa polepole mpaka ladha iwe kali, halafu hupumzishwa kati ya shavu na fizi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziongeza vareniklini na bupropioni kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Hizi mbili zinahitaji daktari. Ukienda kituo cha afya, taja dawa zote unazotumia, hasa za kisukari na za magonjwa ya akili, kwani huenda kipimo kikahitaji kubadilishwa.

Usihamie kwenye shisha, ugoro wala kuberi ukidhani umeacha. Nikotini ni ileile.

Akiteleza

Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha moja kwa moja. Akivuta moja msibani au harusini, msimsute. Muulizeni alikuwa wapi, na nani, alijisikiaje, kisha aanze tena siku hiyohiyo.

Mwili wenyewe hauchelewi. Dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo huanza kushuka. Mwaka mmoja baadaye, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Na mfuko nao unapona: aliyekuwa akivuta sigara 10 kwa siku alikuwa akichoma sigara 3,650 kwa mwaka, zaidi ya pakiti 180. Piga hesabu kwa bei ya duka la mtaani kwako, uone ni ada ya nani.

Ndugu msomaji, kama ni wewe unayevuta, mwambie leo mtu mmoja wa nyumbani kwako tarehe utakayoanza, na umwombe akae nawe siku zile tatu.