Maji Yachimbapo Misingi ya Daraja

Daraja lisimamalo katika maji ya kupwa na kujaa haliharibiki kwa uzee wa chuma wala kwa uzito wa magari peke yake; aghalabu adui wake ni maji yenyewe, ambayo, yakikabiliwa na nguzo, hupita ubavuni mwake kwa kasi na kuzama yakizunguka hadi chini, yakauchota mchanga uliouzunguka msingi na kuacha shimo.

Shimo hilo lina hila. Wakati wa bamvua, mkondo ukiwa mkali, huchimbika. Mkondo ukilegea, huja mchanga mwororo ukalifukia, na mzamiaji ateremkaye maji yamesimama huona chini pamelingana, akarudi na habari njema zisizo kweli. Kwa sababu hiyo hupimwa kina kwa bildi au kwa chombo cha mwangwi, wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu, mahali pale pale. Na penye wasiwasi huchomekwa fimbo ya chuma yenye pete nzito, iteremkayo mchanga uondokapo wala isipande tena urudipo.

Yaliyotukia Malahide, kaskazini ya Dublin katika nchi ya Ayalandi, yastahili kuelezwa. Nguzo za daraja la reli la huko zilisimama juu ya tuta la mawe lililokatiza hori, na kwa miaka mingi ilikuwa desturi kuongeza mawe kila mkondo uyachukuapo. Walakini waliojua desturi hiyo waliondoka, na maarifa yao yakapotea pamoja nao. Agosti 2009 kiongozi wa maskauti wa baharini alitoa habari kwamba tuta laliwa na maji. Mhandisi akaenda kutazama tarehe 18, asione hatari. Jioni ya tarehe 21 nguzo ya nne ikaanguka majini, na lau dereva wa garimoshi lenye abiria, aliyekuwa akivuka saa ile ile, asingaliona daraja likianza kutitia na kupeleka habari upesi, garimoshi jingine lingaliweza kuingia. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Pwani yetu, ambako bamvua hupandisha maji zaidi ya mita 3, madaraja ya Nyali na Kigamboni yamo katika maji ya namna hiyo hiyo. Enyi manahodha na wavuvi, ninyi mpitao chini yake kila siku, mkiona maji yanazunguka mahali pasipokuwa na mzunguko jana, au mawe ya msingi yametoweka maji yakipwa, wapeni habari wahandisi wa daraja, mkitaja siku, hali ya maji, na nguzo ya ngapi kutoka upande gani.